Kasuku wa Mtaala wa Zamani

Mama Fotokopi alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka karatasi ikikwama kwenye mashine, alicheka umeme ukikatika katikati ya kazi ya mtu mwenye haraka, na wanaojua wanasema alicheka hata pale mkunga alipomwambia asukume. Kibanda chake kilitazamana na lango la chuo cha sheria. Ndani mlikuwa na mashine mbili, moja ya kazi na moja ya kuchomolewa vipuri, kompyuta ambayo herufi za kibodi zilishafutika, na benchi la wateja lenye mguu mmoja mfupi uliotegemezwa kwa rimu ya karatasi iliyolowa mvua. Kila msomi aliyetoka chuo kile, awe leo hakimu au mpiga porojo, alipita kwanza kwenye benchi lile na akayumba.

Kazini alikuwa na sheria moja, nayo ilikuwa ngumu kama msumari: karatasi ya mteja hulala kifudifudi. Unamletea, anailaza kwenye kioo uso chini, anafunika, anatoa nakala, anakurudishia. Hasomi. Ukimwuliza kwa nini, atakwambia, "Mimi nina mdomo mpana. Nikisoma nitasema, nikisema nitafunga duka." Kwa hiyo barua za mapenzi, mitihani ya kesho na talaka za watu wakubwa vyote vilipita mikononi mwake, naye akabaki hana habari kama mtoto wa jana.

Lakini hakuna sheria ya kuziba masikio. Asubuhi moja kiongozi wa wanafunzi, binti mwenye sauti ya mnadani, alileta tangazo la chuo litolewe nakala, na kabla halijafika kwenye kioo alikwisha kulisoma lote kwa foleni nzima.

"Jamani, masharti ya shahada yamebadilika! Mtaala mpya, mwaka mzima wa kufanya kazi kwenye kituo cha msaada wa sheria. Sisi tulioanza na wa zamani tunachagua, kuhamia au kumalizia kule kule. Ila wa zamani unafungwa muhula huu ukiisha. Ambaye hatakuwa amemaliza atahamishiwa mpya atake asitake, na kesi ya kuigiza haihesabiki tena."

Foleni ikashangilia. Wote walikuwa wamekwisha kuhamia mpya, na kesi ya kuigiza, ule mtihani wa kusimama na joho mbele ya hakimu wa uongo na kubishana na mwenzako, hawakuupenda hata kidogo.

"Kuna kipande kingine huku chini," binti akaendelea. "Kanuni hizi za mpito zinawahusu pia walioahirisha masomo kwa ruhusa. Ha! Nani huyo? Si watakuwa wameshazeeka!"

Mashine ilitoa nakala, ikatoa tena, ikatoa mpaka karatasi zikaisha, na Mama Fotokopi bado amekibonyeza kile kitufe. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona ameshindwa kucheka. Aliyezeeka alikuwa yeye.

Ndiyo, bwana. Kabla ya kuwa Mama Fotokopi alikuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho, tena wa mbele. Alikuwa amemaliza masomo yote, kumebaki kesi ya kuigiza tu. Kura ikapigwa ya nani atapambana na nani, na kura haina adabu: ikampanga na mume wake, aliyekuwa akisoma naye darasa moja. Kesi yenyewe ilihusu kasuku. Mama mmoja mpweke kanunua kasuku kwa mfanyabiashara aliyeapa kwamba ndege huyo anaongea kama redio. Kumfikisha nyumbani, kimya. Siku zikapita, kimya. Mama anataka haki yake, muuzaji anasema ndege hana kasoro. Mama Fotokopi alimtetea mnunuzi, mumewe akamtetea muuzaji, na asubuhi ya kesi, joho liko begani, uchungu ukamshika ngazini.

Mtoto alizaliwa kesi ikiwa imeahirishwa, na wanafunzi wenzao wakampa jina la utani la Rufaa, kwa sababu tangu usiku wa kwanza hakukubali uamuzi wowote. Jina likaganda. Mama yake akaomba ruhusa ya kuahirisha mpaka mtoto akue kidogo. Mtoto akakua kidogo, akakua zaidi, kikaja kibanda, zikaja sare za shule, na ile "mwaka ujao" ikawa kama deni la mjomba, halilipwi na halisahauliki.

Na mumewe? Mumewe naye hakuifanya kesi, na huyu hakuwa na kisingizio cha kuzaa. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu mrefu, mpole, asiye na maneno, na mji mzima ulimwita Breki. Gari lake la mafunzo lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, na mguu wake wa kulia uliishi juu ya breki hiyo. Hata akiwa amekaa sebuleni, mtu akisimulia habari kwa kasi, ungeona mguu wa Breki unakanyaga sakafu. Watu wakasema aliacha kesi kwa woga wa kusimama mbele za watu. Mkewe naye aliamini hivyo, na alimtania bila huruma: "Wakili Breki, kesi inapanda mlima, toa mguu!" Breki alitabasamu tu. Kichaa chake kimoja kilikuwa hiki: kila mwaka, msimu wa mitihani ukifika, alinunua tai mpya, akaitundika kabatini, asiivae. Mkewe alikwisha kuzoea. Kila ndoa na maajabu yake.

Siku ile ya tangazo Mama Fotokopi alifunga kibanda mapema, akamkuta Breki anakunywa chai.

"Baba Rufaa, mtaala wetu unakufa."

Akamweleza yote. Akamweleza na lile lililomkaa kooni: akihamishiwa mtaala mpya itabidi afunge kibanda mwaka mzima aende kituo cha msaada wa sheria, na kibanda hicho ndicho kinachowalisha muda wote ambao watu hawataki kujifunza udereva. Hilo haliwezekani. Kwa hiyo ama amalize muhula huu, ama shahada aisahau mpaka kaburini.

Breki aliweka kikombe chini, na uso wake ukachanua kuanzia sikio mpaka sikio.

"Mbona unacheka?"

"Mimi? Sicheki."

"Unacheka kama aliyeokota. Usifikiri nitakuonea huruma, baba. Nitakukata maini mbele ya watu."

"Haya," akasema Breki, na kwa Breki hiyo ilikuwa hotuba.

Kesho yake wakaenda kwa mwalimu wa kesi za kuigiza, mzee mkavu aliyeitwa Pingamizi kwa sababu neno alilopenda kuliko yote lilikuwa "limekataliwa". Ofisi yake ilinuka vumbi na dawa ya kikohozi. Aliwatazama juu ya miwani, mmoja, halafu wa pili.

"Mmebaki wawili," akasema. "Wengine wote wamemaliza, wamehama, au wamekimbia. Na kanuni ya zamani mnaijua: uliyepangwa naye kwenye kura ndiye mpinzani wako, mpaka mmoja wenu aombe kubadilishiwa."

"Kuna aliyeomba?" Mama Fotokopi akauliza.

"Hakuna," akasema mzee, na akamkoholea Breki kikohozi kisicho cha ugonjwa. Breki alikuwa akiitazama feni ya darini kana kwamba inataka kumwangukia. Mama Fotokopi aliliona hilo, ila alikuwa na furaha mno, akalipita.

Basi nyumba ikagawanyika. Upande wa mlalamikaji ulichukua jiko. Upande wa mdaiwa ulihamia kwenye gari la mafunzo pale nje, vioo vimepandishwa, na majirani wakawa wanamwona Breki, mtu asiyesema, anaurushia usukani mikono na kuunyooshea kidole. Rufaa akawa tarishi. "Upande wa mlalamikaji unasema chai tayari." "Upande wa mdaiwa unaomba sukari." "Upande wa mlalamikaji unapinga, sukari imeisha." Mama mkwe, mamake Breki, aliyekuja kusaidia kazi za nyumbani, aliiacha kazi ya nyumbani siku ya kwanza akajipa cheo cha mlinzi wa mahakama. Alikaa mlangoni na ufagio, mpishi asionane na dereva bila kibali.

"Mama, wewe uko upande gani?" Breki akamwuliza.

"Wa mwenye haki."

"Nani mwenye haki?"

"Mkeo. Wewe nilikuzaa, nakujua."

Sasa sikia kosa ambalo watu hawa tu ndio wangeweza kulifanya. Kila wiki Breki alileta kibandani fomu za wanafunzi wake wa udereva zitolewe nakala, na kila wiki alizilaza mwenyewe kwenye kioo, uso chini, kama sheria ya mkewe inavyotaka, kisha akarudi barabarani. Wiki ile ya mwisho akafanya vile vile. Ila katikati ya fomu, kwa mazoea tu, alikuwa amechomeka na hoja zake zote za kasuku.

Mama Fotokopi aliziinua, na wino ulikuwa umetokeza upande wa nyuma. Mwandiko ule aliujua. Hakuna dereva mwanafunzi anayeandika kurasa zote zile. 

Mama mkwe, aliyekuwa kwenye benchi anayumba, akanusa. "Ni zake?"

"Ni zake."

"Funua!"

"Mama, karatasi ya mteja hulala kifudifudi."

"Huyo si mteja, ni mumeo."

"Hapa ni mteja."

"Basi nifunue mimi. Mimi sina duka!"

"Mama, tafadhali, kaa mbali na mashine yangu!"

Wakazunguka mashine, mmoja anafukuza, mmoja anafukuzwa, na Mama Fotokopi akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka, karatasi amezikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Alitoa nakala zote bila kugeuza hata moja. Akazibana pini, akazitia kwenye bahasha.

Jioni Breki aliifungua bahasha na akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Umesoma?"

"Zilikuwa kifudifudi."

Breki akashusha pumzi, akaenda zake kwenye gari. Hakuuliza mara ya pili. Mkewe alimtazama akitoka, na akajisikia vizuri kuliko kama angesifiwa.

Siku ya kesi ukumbi ulifurika. Wanafunzi wa mtaala mpya walikuja kama watu wanaokwenda kutazama tembo: hawajawahi kuona kesi ya kuigiza, na hawataiona tena. Waliokosa viti walipanda madirishani. Kiongozi wa wanafunzi alikuwa mbele kabisa, amekuja na njugu. Mama mkwe alivaa viatu ambavyo vilikuwa vikisubiri arusi. Joho la Mama Fotokopi lilikuwa lile lile la siku ya uchungu, limebana kila mahali, naye kila akivuta pumzi mshono mmoja ulilia. Breki alifunga tai pana kama kitambaa cha mezani, ya mtindo ambao hata wauza mitumba walikwisha kuukataa.

"Tai gani hiyo?" mkewe akamnong'oneza mlangoni.

"Ya kwanza," akasema Breki.

Hakuelewa, na hapakuwa na nafasi ya kuuliza.

Mzee Pingamizi aliketi, akagonga meza. "Kabla ya kusikiliza, kanuni za mpito zinataka kila upande ueleze sababu ya kuchelewa. Mlalamikaji?"

Mama Fotokopi akamnyooshea mkono Rufaa aliyekaa mstari wa pili. "Mheshimiwa, sababu ile pale."

Ukumbi ukapiga makofi. Rufaa akainama chini ya kiti.

"Mdaiwa?"

Breki akasimama. "Sina sababu, mheshimiwa."

"Limekataliwa," akasema mzee. "Ndugu mdaiwa, mimi nazeeka lakini sijapoteza kumbukumbu. Kila mwaka nilikupa mpinzani mwingine, na kila mwaka ulikuja ofisini kwangu ukamkataa. Ulisema nini? Sema mwenyewe, maana mimi nimechoka kukutunzia."

Breki aliutazama mguu wake. Njugu zikaacha kutafunwa.

"Nilisema mpinzani wangu yuko nyumbani," akasema. "Nitamsubiri."

Hapo, ndugu zangu, palilipuka kelele ambazo hazijawahi kusikika chuoni pale. Mama mkwe alipiga kigelegele. Lakini Mama Fotokopi hakupiga kigelegele. Alikuwa amewaka. Miaka yote ile alimwita mwoga! Alimcheka mbele ya wateja, mbele ya mama yake mzazi, mbele ya mtoto, na yeye kimya, anatabasamu na mguu wake. Alitaka kumkumbatia, alitaka pia kumpiga na joho, na hakujua aanze na lipi.

"Mheshimiwa," akasema, "naomba nimwulize msomi mwenzangu swali moja lisilohusu kasuku."

"Limekubaliwa," akasema Pingamizi, na wanafunzi wakatazamana, maana hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeenda mbio," Breki akasema polepole. "Mtoto mgongoni, kibanda kichwani, ungesema mume wangu ananisubiri, ukajilazimisha. Sikutaka kukuharakisha."

"Nani alikuuliza unataka nini?"

Breki akairekebisha tai yake.

"Kesi ya kasuku," akasema mzee, akagonga meza.

Breki akaanza. Na huyu mtu asiye na maneno, kumbe maneno aliyaweka akiba! Alisema kutosema si kutojua. Alisema ndege aliyehamishwa nyumba hungoja wakati wake, na muuzaji aliahidi kasuku anayejua kuongea, hakuahidi saa ya kuongea. Alisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukumbi ulimpenda. Mama mkwe, pamoja na "mwenye haki" wake wote, alianza kuyumba upande wa mwanawe.

Mama Fotokopi alikuwa na hoja zake, amezipanga vizuri jikoni kwa siku nyingi: mashahidi, daktari wa mifugo, risiti. Akazitazama. Akazilaza mezani, kifudifudi.

"Mheshimiwa, nakubali. Kasuku huyu anajua kuongea."

Watu wakaguna. Amejimaliza mwenyewe!

"Nakubali ana maneno kifuani, tena mazuri. Lakini mteja wangu hakununua kifua, alinunua sauti. Kila asubuhi anaamka anamsalimu ndege wake, ndege anamtazama. Anamwita mwoga. Anamtania. Anajiuliza, pengine mimi ndiye nisiyestahili kusemeshwa?" Sasa alikuwa ameshika kasi, maneno yanapishana mlangoni, na kutoka upande wa pili ukasikika mguu: *ko!*

"Ndugu mdaiwa, unakanyaga nini?" akauliza Pingamizi.

"Breki, mheshimiwa. Samahani. Ni mazoea."

"Haifanyi kazi hapa. Mlalamikaji, endelea."

"Kumbe miaka yote hiyo ndege alikuwa na neno moja, mheshimiwa, neno moja tu, ambalo mteja wangu angelisikia mapema angeamka kila siku anaimba. Angejua anasubiriwa! Ndege asiyejua kusema hana kosa. Huyu anayejua akanyamaza, hasara yake nani atailipa?"

Akakaa. Mshono wa joho ukakatika wote kwa mara moja, na hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mzee Pingamizi alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyochafuka. Kisha akasoma uamuzi: mnunuzi ameshinda. Pande zote mbili zimefaulu, mlalamikaji kwa daraja la juu. Na kasuku asirudishwe dukani, abaki kwa mnunuzi, ila aseme.

"Kuna pingamizi?" akauliza.

"Hakuna, mheshimiwa," akasema Breki. Macho yake yalikuwa mekundu na bado alikuwa anacheka.

"Basi mtaala wa zamani umefungwa." Akagonga meza kwa nguvu hata nyundo ikachomoka mpini, ikarukia kwenye njugu za kiongozi wa wanafunzi.

Walirudi na gari la mafunzo. Mama Fotokopi alishika usukani, joho limefunguka mgongoni. Breki alikaa kiti chake cha mwalimu. Nyuma walikuwa Rufaa na mama mkwe, aliyekuwa ametoa kichwa dirishani anawatangazia wapita njia kwamba ndani mna wasomi wawili, wasukume baiskeli zao pembeni.

"Toa mguu kwenye breki," akasema Mama Fotokopi.

Breki akautoa. Akaukunja, akaukalia kabisa, magoti yakagusa dashibodi.

"Haya, kasuku. Mahakama imeshaamua. Sema."

Breki akashika ile tai pana. "Hii nilinunua mwaka ule Rufaa alipoanza kutembea. Nilisema, anatembea sasa, mama yake atarudi, nitahitaji tai ya siku hiyo. Hukurudi. Mwaka uliofuata nikasema, labda mwaka huu, na ile imepitwa na mtindo..."

Gari likasimama katikati ya barabara. Tangu linunuliwe, ilikuwa mara ya kwanza breki yake kukanyagwa kwa nguvu hivyo kutoka upande wa dereva. Nyuma yao honi zikaanza, ndefu na fupi. Mama Fotokopi alikuwa ameweka paji la uso kwenye usukani, mabega yanatikisika, na mama mkwe hakuweza kujua kama analia au anacheka, akampapasa mgongo kwa vyote viwili.

"Zote zile kabatini?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Zote."

"Na mimi nilitaka kuzikata nishonee mto!"

"Niliona. Ndiyo maana nilizihamisha rafu ya juu."

Akainua kichwa, uso umelowa, akaangua kicheko ambacho hata wapiga honi walikisikia, akatia gia. "Endelea. Usiruke hata moja."

Breki akaendelea. Alisimulia ya bluu, akasimulia ya mistari, akasimulia ile aliyonunua msimu Rufaa alipougua surua. Alizungumza mpaka wakafika nyumbani, akazungumza gari limezimwa, akazungumza kuku wa jirani wakiingia kulala. Rufaa aliomba mahakama iahirishwe kwa sababu ya njaa. Bibi yake akamvuta mkono wakaingia ndani, na mlango wa gari ukabaki wazi, mwanamke yule mwenye mdomo mpana amekaa kwenye kiti cha dereva, amenyamaza, anasikiliza.